Kidani Cheupe Nilichokuahidi

Kambi ya Karanga, Nachingwea
24 Julai 1950

Dada yangu Mwanawetu,

Pokea salamu nyingi kuliko visiki vya huku, na visiki vya huku hata Wazungu wenyewe wamechoka kuvihesabu. Mimi ni mzima, tena nang'aa. Ukiniona leo utadhani karani.

Kornel, dereva wa lori, jana amenifikishia maneno yako ya mdomo. Nimeyasikia yote. Kwamba Hasani, huyuhuyu Hasani aliyekuposa mwaka jana halafu watu wake wakarudi kusema nyota zenu hazipatani, sasa anaoa. Na anamwoa nani? Mwamina, mtoto wa mama yetu mdogo! Ruangwa nzima wasichana wamekwisha? Na Mjomba Amri naye kakaa kitako akaamua kwamba wewe, dada mkubwa, ndiye utakayemshika Mwamina mkono na kumtoa nje mbele ya watu. Mjomba huyu! Ningekuwapo ningemwambia neno. (Usimwambie kwamba nimesema.)

Umesema huna cha kuvaa shingoni, kwa kuwa kile cha Hasani ulikirudisha pamoja na kanga zake. Ulifanya vizuri. Sasa tulia, unaye mdogo wako. Nachingwea kuna vitu ambavyo nyinyi huko hamjaviota. Kila Jumamosi mchuuzi mmoja wa Lindi hupita kambini na sanduku lake kifuani, amejaza vidani, hereni, bangili, vyote vya kioo na shaba, vinang'aa mpaka unafumba jicho. Nitakuchagulia mimi mwenyewe. Jicho langu kwa mambo ya wanawake halikosei, waulize wasichana wa Ruponda.

Barua ijayo andika kwa mkono wako. Teodosia wa misheni hakukufundisha kuandika ili umtume Kornel. Nikiipata nitaisoma kwa sauti hapa kambini kama kawaida. Wenzangu wanazipenda barua zako, jioni huku hakuna hata ngoma.

Ni mimi nduguyo,
Saburi bin Salimu, Fundi wa Tingatinga


Ruangwa
29 Julai 1950

Mdogo wangu Saburi,

Salamu. Bibi anakusalimu, anauliza kama unakula. Kornel anasema wewe si fundi wa tingatinga. Anasema wewe ndiye unayetangulia mbele na panga kutazama nyuki kwenye miti, kabla matingatinga hayajaja na mnyororo kuiangusha. Mimi sikucheka. Aliyecheka ni Bibi.

Sasa nisikilize, na mzaha uweke kando.

Arusi ni Jumamosi, tarehe 19 Agosti. Mama yake Hasani amekwisha kusema kisimani, mbele ya watu, kwamba siku hiyo atanitazama toka unyayo hadi utosi. Anasema mimi nina kinyongo na mwanawe na nitamharibia Mwamina. Nikikataa kumshika mkono Mwamina, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli. Nikienda shingo tupu, watasema nimevaa ufiwa, namlilia Hasani. Kuazima siwezi. Vidani vya hapa vyote vina wenyewe na kila mtu anavijua, nikivaa cha fulani watasema hata ndugu wa kuninunulia sina. Nataka kigeni, ambacho hakuna aliyekiona. Dhahabu sitaki. Cha kioo kinatosha, kiwe cheupe tu.

Chekundu usilete. Narudia, chekundu usilete. Kwa anayemshika mkono bibi harusi, chekundu ni neno baya mno kwa wanawake, na kila aliyechezwa unyago atalisoma shingoni kwangu kabla sijafungua mdomo. Mwamina akikosa mtoto mwaka huu, au mwakani, au akipata akafa, itakuwa ni mimi niliyemfunga. Wataniambia hivyo mpaka nizeeke.

Zaidi ya hapo sikuandikii. Ni mambo ya unyagoni, nawe ni mwanamume, tena unasoma barua zangu kwa sauti.

Dada yako,
Mwanawetu


Kambi ya Karanga, Nachingwea
30 Julai 1950

Dada Mwanawetu,

Barua yako bado haijafika lakini mimi sina haja ya kungoja barua. Nimekwisha nunua!

Jana mchuuzi alipofungua sanduku lake nilimwambia kaa chini, leo umepata mtu. Akanitolea vitatu. Cha kwanza cheupe, punje za mviringo, alikisifu sana, anasema ni mfano wa lulu. Mimi nikaona mfano wa vidonge vya kwinini. Nikamwambia dada yangu haumwi homa. Cha pili mkufu wa shaba uliopakwa ukafanana na dhahabu, lakini niliukwaruza kwa ukucha na ukucha ukajua siri yake. Mimi si wa kudanganywa.

Cha tatu sasa! Chekundu, dada. Chekundu cha moto. Punje kubwa kama kunde, zimepangwa mistari miwili. Mchuuzi ameapa kwamba ni marjani ya baharini, anasema wake wa mabwana shamba huko Ulaya huvaa hivyohivyo. Nilikivaa mwenyewe nikakipima, wenzangu wakanipigia vigelegele, Ildefonsi akasema atanioa. Nimeshinda nacho shingoni juani. Nilipokivua shingo yangu na vidole vyote vilikuwa vyekundu, lakini huku kila kitu ni chekundu, vumbi la Nachingwea linaingia mpaka kwenye uji.

Hasani akikuona na kitu hiki atakanyaga kanzu yake mwenyewe. Ndivyo ninavyotaka. Asimame pale, amemshika Mwamina, na macho yake yako kwako.

Bei usiulize.

Saburi


Ruangwa
5 Agosti 1950

Saburi,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimeisoma yako nimesimama, nikakaa.

Usikilete. Hata kama ni marjani, hata kama kimetoka Ulaya. Mtafute mchuuzi, mpe hicho, akupe kile cheupe ulichokiita kwinini. Kwinini ndiyo ninayoitaka.

Wewe unafikiri nakataa kwa sababu namwonea haya Hasani. Sivyo. Hasani akitazama au asipotazama ni kazi yake. Mimi nawaogopa wanawake watakaokaa mlangoni, na wa kwanza wao alikuja hapa nyumbani juzi. Mama yake Hasani. Alikuja eti kuomba kinu. Akakaa na Bibi, akazungusha maneno, mwisho akauliza, "Na Mwanawetu, siku hiyo atavaa nini shingoni?" Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Bibi akajibu, "Cheupe. Mdogo wake anakileta kutoka Nachingwea." Mama yake Hasani akasema, "Haya, tutakiona hicho cheupe." Akaondoka, kinu akakiacha.

Umeelewa sasa? Bibi amekwisha litoa neno. Kikija chekundu, Bibi naye ni mwongo, na watasema sote tulikuwa tumekusudia.

Mwamina hajui lolote. Jana alikuja kulala kwangu, akaniambia, "Dada, ukinishika mkono sitatetemeka." Ana mkono mdogo, Saburi, bado kama wa mtoto.

Nijibu upesi.

Mwanawetu


Kambi ya Karanga, Nachingwea
8 Agosti 1950

Dada yangu mwenye wasiwasi,

Hofu ya nini wakati mimi nipo? Jambo lako nimelimaliza. Mchuuzi nilimbana, nikamkunjia uso, na ukikumbuka uso wangu ninapoukunja utamhurumia. Ulichotaka umepata. Ni cheupe, kama maziwa ya mbuzi.

Jicho langu moja limevimba, kwa hiyo mwandiko usiushangae. Tulipigana na watu. Walikuwa wengi. (Kornel akikuambia ni nyuki, Kornel hakuwapo.)

Sasa sharti moja tu. Kidani nimekifunga katika karatasi ya mfuko wa saruji, nikakishonea ndani ya kitambaa cha amerikani, sindano nimeazima kwa Ildefonsi. Usikifungue mpaka asubuhi ya arusi. Sitaki watu wakione mapema wakakitia jicho. Asubuhi ile kifungue, kivae, toka nje, usimtazame mtu. Utanishukuru. Pengine utanikasirikia kidogo kwanza, kisha utanishukuru.

Kornel anaondoka na mzigo wake leo, nawe utapata.

Mdogo wako asiyeshindwa,
Saburi


Ruangwa
13 Agosti 1950

Mdogo wangu mpenzi,

Kifurushi nimekipokea. Ulivyoshona, mtu angedhani umemshona ng'ombe kidonda. Sijakifungua, nimefuata sharti lako. Nakibonyeza tu kwa nje, nasikia punje ndani zinagongana, moyo unatulia.

Nimemwambia Bibi kimefika. Bibi amemwambia jirani, jirani amefikisha kisimani, kwa hiyo mama yake Hasani anajua. Wiki hii nimelala usingizi kama zamani.

Jana Hasani mwenyewe alipita hapa njiani na baiskeli. Alishuka, akanisalimu, akainamisha macho. Nikamwitikia. Nilitazama moyoni mwangu kama kuna kitu, nikakuta ninawaza tu kwamba mnyororo wa baiskeli yake unahitaji mafuta. Basi jua kwamba yamekwisha. Wewe ndiye bado unamgombania.

Siku zote nakuita mwongo, Saburi. Na safari hii ulipoandika umebadilisha nilisema moyoni, ananidanganya huyu. Nisamehe. Nikikitoa Jumamosi nitakuombea dua.

Dada yako anayekupenda,
Mwanawetu


Kambi ya Karanga, Nachingwea
17 Agosti 1950

Dada, kifungue SASA. Usingoje asubuhi ya arusi.

Si cheupe. Ni kilekile. Mchuuzi sikumwona, Jumamosi ile nilipokwisha pata barua yako ya kwanza hakuja kabisa, watu wanasema amevuka kwenda Masasi. Nilimngoja penye njia mpaka jua likazama. Nikaona haya kukuandikia kwamba nimeshindwa. Nikasema moyoni, akikiona kilivyo kizuri atakivaa, wanawake huogopa bure, na Hasani atakiona. Ndiyo maana nikakushonea sharti lile.

Leo asubuhi nilikuwa kwa yule mama wa Kiyao anayetuuzia uji. Nikawa natamba kama kawaida. Nikasema Jumamosi dada yangu anamtoa bibi harusi huko Ruangwa na shingoni ana kidani chekundu nilichomnunulia mimi. Mama huyo alikuwa anachota. Kata ikasimama hewani, uji unamwagika chini, yeye hana habari. Akaniuliza, "Bibi harusi anaolewa na nani?" Nikamwambia, na mtu aliyemposa dada kwanza. Akaweka kata. Akasema, "Una dada mwingine?" Nikasema sina. Akasema, "Basi huyu mmoja umemmaliza."

Nikamwomba anieleze. Alinitimua kwa mwiko. Anasema hayo hawaambiwi watoto wa kiume, na kwamba mtu akiambiwa usilete huwa haleti, haulizi kwa nini.

Lori la Kornel limevunjika ekseli. Barua hii nampa mtu wa Nambilanje mwenye baiskeli, amesema atapitia Ruangwa. Nimempa na shati langu la bluu ili akanyage kwa nguvu. Nilitaka kuja mwenyewe, nyapara amekataa, nikamwambia nitatoroka, akasema nikitoroka nisirudi. Natoroka kesho kama baiskeli haikuondoka.

Dada, usikivae. Nenda shingo tupu. Waache waseme unamlilia Hasani, bora hilo.

Saburi


Ruangwa
22 Agosti 1950

Saburi,

Barua hii isome peke yako. Nenda mbali na wenzako, kaa juu ya kisiki kimoja katika hivyo vyako, usome kimya. Ukiisoma kwa sauti sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Mtu wa Nambilanje alifika Jumapili, arusi imekwisha, kavaa shati la bluu. Aliniambia tairi lilipasuka.

Jumamosi alfajiri nilifumua mshono wako. Bibi alikuwa anapuliza moto. Nilipofungua karatasi nikaona chekundu. Nilikifumbata mkononi, nikatoka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama penye migomba. Huko kwa Mwamina ngoma imekwisha kuanza, nasikia wanawake wanakuja na nyimbo kunichukua. Nilifikiri nitume neno kwa mama mdogo kwamba naumwa. Nikafikiri nitupe kidani chooni niende shingo tupu, lakini Bibi alikwisha sema cheupe, na walikuwa wanakuja kukiona hicho cheupe. Nilikuchukia, Saburi. Nakuandikia ujue.

Nilipofumbua mkono nikaona damu. Kiganja chote. Nikasema nimejikata. Nikatafuta kidonda, sikuona. Jasho la hofu lilikuwa limejaa mkononi, na ile "marjani ya baharini" inachuruzika katikati ya vidole vyangu. Hapo nikaikumbuka barua yako. Shingo nyekundu, vidole vyekundu. Vumbi la Nachingwea! Wewe uliyekwaruza mkufu wa shaba kwa ukucha, hiki hukukikwaruza.

Nilirudi mbio. Maji ya uji yalikuwa yanachemka. Nikayamimina kwenye bakuli, nikatia jivu viganja viwili, nikatumbukiza kidani chote. Nikasugua kwa jivu, nikasugua kwa mchanga, nikasugua kwa gunzi la muhindi. Vidole vikababuka. Rangi ikatoka kama inavyotoka kwenye kanga mpya. Chini yake, kioo. Cheupe. Si kama maziwa ya mbuzi, cheupe cha ukungu tu. Lakini cheupe.

Uzi ulikuwa umebaki mwekundu, haukukubali kutakata. Nikaukata kwa meno. Punje zikatawanyika kwenye mkeka na wanawake wamekwisha fika uani, wanaita, "Mwanawetu, toka!" Bibi aliona yote. Alichomoa uzi mweupe kwenye pindo la shuka yake, akakaa chini, tukatunga, yeye huku mimi huku. Mstari mmoja tu, wa pili tuliuacha. Bibi macho hayaoni vizuri lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Aliponifunga shingoni kilikuwa bado kimelowa.

Nilitoka. Wakanipeleka kwa nyimbo mpaka kwa Mwamina. Mama yake Hasani alikuwa mbele, penye mlango. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono akakishika kidani, akakileta karibu na macho, akakipitisha punje moja moja kwa kidole gumba. Nyimbo zikanyamaza. Mimi nilikuwa najua kwamba ndani ya tundu la punje moja, upande wa kushoto, wekundu ulikuwa umegoma kutoka. Akaifikia. Akasita.

Akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu. "Mbona mwekundu?" akauliza.

Nikamwambia, "Nimempaka bibi harusi hina, mama. Imenishika."

Na kweli jana yake nilimpaka, Saburi, hapo sikusema uongo wote. Alinitazama machoni muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kijicho. Sijui aliona nini. Akakiachia kidani, akakilaza vizuri shingoni pangu kwa mkono wake mwenyewe, akapiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakapokea. Nikaingia, nikamshika Mwamina mkono, nikamtoa. Hakutetemeka. Aliyetetemeka ni mimi, na yeye akanibana vidole.

Sasa nitakuambia kiasi unachoweza kukibeba, kwa sababu usipojua utarudia. Kwetu sisi, shanga nyekundu mke humwonyesha mume siku ambazo asimkaribie. Kumtangulia bibi harusi nayo shingoni ni kumfungia kitanda. Mwanamke aliyeachwa na bwana harusi akifanya hivyo, hakuna atakayesema ni bahati mbaya, watasema amekusudia. Basi, hapo ndipo mwisho. Ukilitamka popote, Bibi atajua hata akiwa kaburini.

Hasira yangu bado ipo kidogo. Itakwisha, lakini usiiharakishe kwa mizaha.

Na ukikutana na yule mchuuzi, usimgombeze. Alituibia. Msalimie sana, mwambie dada yako anamshukuru kwa kutuibia.

Mwanawetu


Kambi ya Karanga, Nachingwea
27 Agosti 1950

Dada yangu,

Sina salamu nyingi leo.

Nyapara hakunifukuza, lakini alinipa adhabu ya kung'oa visiki wiki nzima kwa sababu Ijumaa nilitoroka kweli. Nilifika njia ya Ruponda, mguu ukavimba, watu wa lori la mbao wakanirudisha. Sikukuandikia hilo, kwa kuwa halikusaidia kitu.

Mimi ndiye ninayetangulia kutazama nyuki. Jicho lile lilikuwa nyuki.

Barua yako niliipokea jana jioni. Wenzangu walikuwa wamekwisha kaa, Ildefonsi amenitengea na gogo, wanasema haya, Saburi, tusomee ya dada. Nikaitia mfukoni nikaenda mbali. Nimeisoma mpaka mwisho, nikairudia, nikaichoma na majani makavu.

Niliporudi wakaniuliza, dada anasemaje?

Nikawaambia, anawasalimu.

Mdogo wako,
Saburi